Beseni la Kutoa Sumu Mwilini: Uzoefu Wangu na Swali Lililowaudhi

Nilichelewesha tathmini hii kwa makusudi nikitumaini kwamba hasira ingepoa kwanza, lakini haijapoa. Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kutumbukiza miguu katika beseni la maji ya chumvi yanayopitishiwa umeme, kwa ahadi kwamba sumu zilizojikusanya mwilini zitatoka kupitia nyayo na kuonekana kwa macho. Chumba kilikuwa safi, maji yalikuwa na uvuguvugu wa kupendeza, na mhudumu alinipokea kwa heshima zote. Heshima hiyo ilidumu mpaka nilipouliza swali.

Maji yalipoanza kugeuka rangi ya kahawia, alinionyesha chati iliyobandikwa ukutani: kahawia ni uchafu wa ini, rangi ya chungwa ni wa viungo, kijani ni wa nyongo. Nilimwomba anitajie sumu moja tu kwa jina, kisha anifanyie hisani ya kuwasha mashine katika beseni lisilo na miguu ya mtu. Alipaza sauti mbele ya wateja wote: "Dada, watu wenye maswali mengi ndio wenye sumu nyingi. Mwili wako unaing'ang'ania kwa sababu moyo wako haujakubali." Jibu hilo limenikera kuliko tusi, kwa kuwa limetengenezwa lisishindwe kamwe: mteja akipata nafuu, sifa ni ya mashine; asipopata, kosa ni la moyo wake. Dai lisiloweza kukanushwa na ushahidi wa aina yoyote haliwi la kisayansi kwa kupambwa na maneno kama ioni, nishati ya seli na usawa wa asidi.

Kilichonipa shaka tangu awali kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Katikati ya beseni palikuwa na elektrodi, koili ya chuma ambayo kingo zake zilikuwa zimelika na kuacha vishimo vidogo vidogo, na taulo jeupe nililopewa lilibaki na michirizi myekundu iliyofanana na ile ya msumari uliosahauliwa kwenye nguo mbichi. Umeme unapopita katika maji ya chumvi, chuma cha elektrodi huyeyuka kidogo kidogo na kufanya kutu, na rangi inayotokea hutegemea chumvi na madini yaliyomo majini. Miguu haihitajiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti walipima maji ya mashine ya aina hii yakiwa na miguu na yakiwa hayana, wakapima pia mkojo na nywele za washiriki, na hawakupata ushahidi kwamba mashine ilisaidia mwili kutoa sumu. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo. Figo peke yake huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na zikishindwa, mgonjwa hupelekwa hospitali kusafishwa damu, hapelekwi kwenye beseni.

Hata hivyo, haki itendeke: usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa muda mrefu, na asubuhi mwili ulikuwa mwepesi. Sikatai nafuu hiyo wala simcheki anayeipata. Mtu aliyeketi kimya, miguu ikiwa kwenye maji ya uvuguvugu, huku akihudumiwa na kuahidiwa uzima, ana sababu za kutosha za kujisikia vyema, na hiyo ndiyo athari ya plasebo, yaani nafuu inayoletwa na matarajio na kuhudumiwa, si na dawa yenyewe. Tena athari hiyo haihitaji uongo. Mwaka 2010 mtafiti wa plasebo Ted Kaptchuk na wenzake waliwapa wagonjwa wa utumbo vidonge visivyo na dawa na kuwaambia waziwazi kwamba havina dawa, na bado asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, ikilinganishwa na asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kidonge. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuipa huduma hii alama za wastani, kama mahali pa kupumzishia miguu.

Nilibadili nia kwa sababu ya mama mmoja mtu mzima aliyeketi kiti cha jirani. Mhudumu yuleyule alimwambia kwamba akiendelea na beseni anaweza kupunguza vidonge vyake vya presha, kwa kuwa "dawa nazo ni sumu", na mama akaitikia kwa kichwa huku akisema kwamba kweli anajisikia mwepesi. Hapo ndipo damu ilinichemka. Utafiti mmoja wa wagonjwa wa pumu uliochapishwa mwaka 2011 unaeleza hatari yenyewe: waliovuta dawa halisi na waliovuta plasebo walisema wamepata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana, lakini mapafu yalipopimwa, dawa iliongeza uwezo wa kupumua kwa asilimia 20 hivi, na plasebo kwa asilimia 7 tu, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa. Hisia zilibadilika, mapafu hayakubadilika. Na presha ni mbaya zaidi kuliko pumu katika jambo hili, maana kwa kawaida haina dalili: mtu hujisikia mzima kabisa huku mishipa yake ikiharibika, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha.

Nilimwambia yule mama, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, asiache kidonge hata kimoja kabla ya kuzungumza na daktari wake. Msimamizi alipoitwa alisema ule ulikuwa ushauri wa kirafiki tu, kisha akaniomba niondoke. Natoa alama ya chini kabisa, na haitapanda hata wakiweka elektrodi mpya na viti laini zaidi, maadamu wanaendelea kuwashauri wagonjwa kuhusu vidonge ambavyo hawakuwaandikia.