Miezi tisa na kompyuta ya gemu niliyoiunga mwenyewe Chake Chake

Msimu wa karafuu uliopita mimi na mdogo wangu tulichuma kwa wiki sita katika shamba la mama, na baada ya kuziuza karafuu zetu kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu Zanzibar, nilibaki na shilingi 1,480,000 ambazo nilikuwa nimeshaamua matumizi yake: kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu. Nilitaka icheze gemu ya mpira ya FC 25 bila kukwama, kwa sababu mpira ndio tunaoucheza zaidi nyumbani, na mchana niweze kuitumia kutayarisha mitihani ya skuli. Leo imetimiza miezi tisa ikifanya kazi karibu kila siku, na naandika uzoefu huu kwa ajili ya mtu wa Unguja au Pemba mwenye fedha kama zangu, ambaye hana mtu wa karibu wa kumuuliza.

Duka la kwanza nililoliingia mjini Unguja lilinionesha kompyuta yenye kioo ubavuni na feni za taa za rangi, na muuzaji akataka shilingi 1,300,000. Ilivutia macho, na kwenye kesi ilibandikwa karatasi iliyoandikwa Core i7. Nilipoomba iwashwe nikasoma jina kamili la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nikakuta ni i7-2600, ambayo kampuni ya Intel iliitoa mwaka 2011 na ambayo hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) za aina ya zamani ya DDR3. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwani tunadhani i7 lazima iishinde i5, wakati tarakimu zinazofuata ndizo zinazoeleza kizazi cha prosesa. i5-8500 ya mwaka 2018, ya kizazi cha nane, ina koa (sehemu zinazofanya kazi sambamba) sita, ilhali i7-2600 ina nne tu, na kwa kazi ya gemu ile i5 inaiacha mbali i7 hiyo ya zamani. Zaidi ya hayo, kizazi cha nane ndicho Windows 11 inachoanza kukikubali rasmi kwa upande wa prosesa za Intel, na Windows 10 ilikoma kupata masahihisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mtu anayenunua leo mashine ya kizazi cha tatu au cha nne ananunua kitu ambacho muda wake umeshapita, hata kikiwa na taa nzuri namna gani.

Nikaamua kununua kompyuta iliyotumika ofisini, kisha niiongezee kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu. Nilipata Dell OptiPlex 7060 yenye prosesa ya i5-8500, RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 256 kwa shilingi 550,000. Jambo moja lazima lisisitizwe: mashine hii hutengenezwa kwa maumbo matatu, na jina la 7060 huandikwa kwenye yote. Kuna la mnara mzima, kuna jembamba, na kuna dogo mno la ukubwa wa kitabu. Hilo dogo halipokei kadi ya grafiki ya kawaida hata kidogo, na lile jembamba linapokea kadi fupi tu, ambazo ni adimu na bei yake iko juu. Rafiki yangu wa Wete aliletewa lile jembamba bila ya kulipima, na mpaka sasa anaitumia kuandikia barua. Chukua la mnara.

Kuhusu kadi ndiko nilikopata hasara, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu inaweza kumkuta yeyote. FC 25 inataka kwa uchache kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, kwa hiyo nilianza kuitafuta hiyo kwa jina. Muuzaji mmoja niliyempata kwa simu aliniambia, "Kaka, hii ni mpya kabisa, bado imo ndani ya boksi lake, nakuachia kwa laki na themanini." Bei ilikuwa rahisi, boksi lilikuwa safi, nami nikatuma fedha. Kadi ilipofika niliichomeka, nikaona feni inazunguka na picha inakuja, nikafurahi. Lakini kila nilipojaribu kuweka draiva (programu ya kuiendesha kadi) kutoka kwa Nvidia wenyewe, kampuni ya kadi za GTX, skrini ilizimika, na gemu ilikataa kabisa kufunguka.

Nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima hapa Chake, ambaye hakuhitaji hata kuiwasha. Aliigeuza mkononi, akaniwekea kidole kwenye tundu la buluu la VGA, la waya wa skrini za zamani, lililokuwa nyuma yake, akasema, "Mwanangu, kizazi hiki cha kadi hakina VGA. Hii si yenyewe." Kisha tukaichomeka kwenye mashine yake na kufungua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, inayoonesha utambulisho wa kadi, na mbele ya jina la kadi likatokea neno FAKE ndani ya mabano. Chipu iliyokuwemo ilikuwa ya GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011, na taarifa zake za ndani zilikuwa zimeandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Muuzaji alinirejeshea shilingi 100,000 baada ya maneno mengi, na 80,000 zikapotea. Programu hiyo haifiki hata MB 20. Ningeomba tu video fupi ya kadi ikiwa inafanya kazi na GPU-Z iko wazi kwenye skrini, fedha zangu zingesalimika.

Mara ya pili nilisafiri mwenyewe kwa boti hadi Unguja, nikanunua GTX 1650 iliyotumika yenye GB 4 kwa shilingi 320,000, na sikuitoa fedha mfukoni mpaka nilipoiona ikicheza gemu dakika ishirini dukani.

Sababu ya kuchagua 1650 ni umeme. OptiPlex yangu ina pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya wati 260 tu, na haina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Tundu la kadi kwenye madabodi (bodi kuu) hutoa hadi wati 75, na GTX 1650 ya kawaida hutumia wati hizo hizo 75, kwa hiyo inajilisha kutoka kwenye tundu bila ya waya wowote. Angalia sana ukingo wa juu wa kadi kabla ya kuilipia, kwani baadhi ya makampuni yameitengeneza 1650 yenye tundu la pini sita, na hiyo haitawaka katika mashine ya ofisi kama hii. Niliwahi kushauriwa nichukue RX 6400, ambayo hutumia wati chache zaidi. Niliikataa kwa sababu kadi hiyo ina njia nne tu za PCIe, zinazopitisha data kati ya kadi na madabodi, na katika madabodi za zamani zenye PCIe ya toleo la tatu hupoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa mwenye madabodi mpya ni kadi nzuri, ila kwa mashine yangu isingekuwa chaguo sahihi.

Wauzaji wengi wanakimbilia kukwambia ubadilishe pawasaplai, uweke ya wati 550 au 600. Katika Dell hizi plagi ya madabodi si ile ya kawaida ya pini 24, hivyo ubadilishaji unahitaji adapta, na pawasaplai nyingi za bei rahisi zinazoletwa hazina wati zinazoandikwa juu yake. Ile ya kiwandani ya Dell, hata kama namba yake ni ndogo, naiamini zaidi. Mashine yangu yote, bila ya skrini, haifiki wati 200 hata gemu ikiwa nzito. Kwa hesabu ya wati 150 kwa saa tatu za usiku, ni chini ya nusu uniti ya Tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) kwa siku, na kwa mwezi mzima ni uniti kama 13 na nusu. Mama aliponiuliza kama kompyuta hii itamaliza umeme wa nyumba, hesabu hiyo ndiyo iliyomridhisha.

Vitu vilivyobaki nilivinunua haraka. RAM nyingine ya GB 8 ilikuwa shilingi 65,000, na nilihakikisha ni pacha wa ile ya kwanza, maana mashine husoma RAM mbili kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nilipoiongeza, kukwama kwa ghafla kwenye FC 25 kuliondoka. SSD ya pili ya GB 480 ilikuwa 100,000, na ni lazima, kwa sababu gemu hiyo peke yake hutaka nafasi ya GB 100. Skrini ya inchi 22 iliyotumika ilikuwa 140,000, na pedi ya kuchezea 45,000. Kibodi na mausi nilipewa pamoja na mashine.

Shilingi 180,000 za mwisho zilikwenda kwenye UPS (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 650, na ndizo fedha ninazoziona zimefanya kazi kubwa kuliko zote. Umeme wetu Pemba unakuja kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 2010, na ni afadhali mara nyingi kuliko enzi za majenereta ya dizeli. Hata hivyo, katika nyumba yetu, ambayo iko mwisho wa laini, taa hufifia wakati wa magharibi watu wanapowasha kila kitu. UPS yangu ina kirekebisho cha volti ndani yake, na saa hizo husikia kikigonga tak, tak, kikipandisha umeme bila ya kutumia betri. Ukikatika kabisa napata kama dakika nane, ambazo zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Wakati wa masika, radi zikianza, hata UPS siitegemei. Nachomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa intaneti.

Sasa inavyocheza. FC 25 kwa 1080p, mipangilio ya kati, inakaa kwenye fremu 60 kwa sekunde, na inashuka kidogo tu katika marudio ya magoli. GTA V naicheza kwa mipangilio ya juu bila ya tabu. Counter-Strike 2 nimeshusha ubora wa picha, na inakwenda vizuri. Gemu za miaka ya karibuni zenye picha nzito zinaanza kuilemea, kwa sababu GB 4 za kadi hujaa, na kadi hii haina uwezo wa miale ya mwanga ambao baadhi ya gemu mpya zimeufanya ni sharti. Anayetaka gemu za aina hiyo asiipite njia yangu, aweke fedha mpaka zifike mara mbili.

Kuna kosa moja la siku ya kwanza ambalo nimeshawarekebishia watu watatu mtaani: waya wa skrini lazima uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Ukichomeka kwenye madabodi huenda picha ikaja, ila utakuwa unachezea grafiki dogo la prosesa huku kadi yako ya laki tatu imekaa kimya.

Hali ya hewa yetu nayo inataka uangalizi. Nilipoifungua mashine mara ya kwanza, chini ya kipoza cha prosesa pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikapasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na vumbi la ofisi ilikotoka lilikuwa limefunga mapezi kama kitambaa cha kijivu. Joto la prosesa wakati wa gemu lilikuwa nyuzi 88. Nilifuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikasafisha mapezi kwa brashi ya rangi, na likashuka hadi 71. Wakati wa kaskazi hupanda kidogo tena, na hapo natoa kesi ukutani ipate pumzi kwa nyuma.

Chumvi ya bahari ndiyo adui wa taratibu. Nyumba yetu haiko mbali na ghuba, na baada ya miezi minne niliona kutu kwenye skrubu za nyuma. Nikaihamisha meza kutoka dirishani, na mashine ikizimwa na kupoa naifunika kwa kanga. Mwanzoni pia niliacha wazi upenyo mmoja nyuma ya kesi, pale nilipoondoa kibati ili nijaribu ile kadi ya bandia, na siku moja nikasikia feni inakwaruza. Alikuwemo mjusi. Alikuwa ameshakufa, na ameacha alama nyeusi kwenye madabodi, sentimita mbili tu kutoka kwenye tundu la kadi. Kibati hicho nimekirejesha na nimekifunga kwa skrubu.

Msimu ujao nitabadilisha betri ya UPS, ambayo imeanza kunipa dakika tano badala ya nane, na ikibaki akiba nitaongeza SSD. Kadi sitaibadilisha, maana kubwa kuliko hii itataka pawasaplai nyingine, na pawasaplai nyingine itataka kesi nyingine. Mdogo wangu ameshaanza kuweka fedha za mashine yake, na tumekubaliana tutakwenda Unguja pamoja, tukiwa na GPU-Z kwenye flashi.