Ripoti ya viungo ya Search Console: ni ya bure, ila ni bubu kuhusu nofollow

Ukitaka kujua ni nani wameweka viungo vya kuja kwenye tovuti yako, anzia kwenye ripoti ya viungo ya Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Hailipiwi, na takwimu zake zinatoka kwa Google wenyewe. Tatizo lake ni kwamba viungo vya kawaida na vile vya nofollow (vyenye alama inayoiomba Google isivipe uzito) vimerundikwa pamoja, bila alama yoyote ya kuvitofautisha. Tena ukiona tovuti moja imekupa viungo 4,000, tulia kwanza: mara nyingi ni kiungo kimoja tu kilichobandikwa chini ya kila ukurasa.

Kwa viungo vya nje kuna majedwali matatu: kurasa zako zinazolengwa zaidi, tovuti zinazokulenga, na maneno yaliyobeba viungo. Hili la mwisho ndilo tamu, na ndilo watu hulipita haraka. Jina la tovuti, anwani tupu au "bofya hapa" ni mambo ya kawaida. Lakini maneno yale yale ya kuuzia bidhaa yakiongoza orodha kutoka tovuti zisizohusiana, shuku viungo vya kununuliwa, pengine na fundi wa SEO (kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji) aliyeshalipwa akaenda zake.

Kila jedwali hukomea mistari 1,000. Ukihitaji zaidi, hamisha orodha ya viungo vya karibuni. Faili yake huweza kufika mistari 100,000, na huonyesha tarehe ambayo roboti ya Google, ile inayotembelea kurasa, ilipita mara ya mwisho. Iangalie tarehe hiyo, maana kiungo kilichofutwa huendelea kuonekana kwa muda. Na hata hapo unapewa sampuli, si orodha kamili.

Kuhusu nofollow, itabidi uchungulie mwenyewe. Fungua ukurasa wenye kiungo, kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kukagua, kisha soma kilichoandikwa ndani ya rel, sehemu ya msimbo wa kiungo inayobeba alama hizi. Mfano:

<a href="https://mfano.example/" rel="ugc nofollow">

Ukikuta noopener au noreferrer peke yake, usihangaike. Hayo hayagusi uzito wa kiungo. Usiishie hapo lakini. Kagua pia sehemu ya head katika HTML ya ukurasa, kwa sababu lebo ya meta robots yenye nofollow inahusu viungo vyote vya ukurasa huo hata kama kila kimoja kinaonekana safi. Amri hiyo hiyo inaweza kuletwa na seva kupitia X-Robots-Tag, maelezo yanayotumwa pamoja na ukurasa, nayo haionekani kwenye HTML kabisa.

Je, kiungo cha nofollow hakina thamani? Alama hii ililetwa 2005 kupambana na taka za viungo, na kwa miaka mingi Google haikukipa kiungo cha namna hiyo uzito wowote katika kupanga matokeo. Septemba 2019 ikaongeza sponsored kwa viungo vya kulipiwa na ugc kwa vilivyowekwa na watumiaji, na ikasema zote tatu ni dokezo, si amri. Tangu 1 Machi 2020 ndivyo ilivyo hata kwa kutembelea na kuorodhesha kurasa. Kwa hiyo anayeapa kwamba ni sifuri anatia chumvi, na anayekuuzia viungo hivyo kwa bei ya vile vya kawaida anakuibia.

Wengine huweka nofollow kwenye viungo vya ndani ya tovuti yao wakidhani wanabana uzito kwa ajili ya kurasa nyingine. Kazi bure: Google ilieleza 2009 kwamba fungu la kiungo hicho hupotea tu, haligawiwi wenzake. Wala nofollow haifichi ukurasa. Kazi hiyo ni ya noindex, amri inayozuia ukurasa kuorodheshwa.

Kifaa cha Search Console cha kukana viungo (disavow), yaani cha kuiomba Google isivihesabu viungo fulani vinavyokuja kwako, hakimo kwenye menyu, na hakifanyi kazi ukiwa umethibitisha tovuti kwa kikoa kizima. Ithibitishe pia kwa anwani yenye https. Kinapokea faili ya .txt ya UTF-8, isiyozidi mistari 100,000 wala MB 2, kila kikoa mstari wake:

domain:taka.example

Kosa linaloumiza ni kupakia mistari mipya peke yake. Faili mpya inafuta ya zamani yote, basi pakua kwanza iliyopo, ongezea, ndipo upakie. Usishtuke viungo ulivyovikana vikibaki kwenye ripoti, ndivyo ilivyo. Vya nofollow usivitie humo kabisa. Tena tangu toleo la 2016 la Penguin, mfumo wa Google wa kupambana na viungo taka, Google hupuuza taka nyingi yenyewe, kwa hiyo kifaa hiki kinafaa hasa pale ulipopewa adhabu ya mkono (inayotolewa na wafanyakazi wa Google, si mfumo), au unapojua fika kwamba viungo vilinunuliwa na huwezi kuviondoa.

Bing waliondoa kifaa chao cha kukana 2023. Hata hivyo, jiandikishe kwenye Bing Webmaster Tools: inakuruhusu kulinganisha viungo vyako na vya tovuti nyingine, jambo ambalo Search Console haina.