Plazma ya kazi dukani kwangu: rangi ninaisifu, lakini hadithi ya punguzo mnisikilize

Duka langu ni la leso, Barabara ya Biashara, na majirani zangu wa kulia, wa kushoto na wa ng'ambo wote wanauza leso. Ukiishi hivyo unatafuta chochote cha kumsimamisha mpita njia. Basi mwaka 2019 hoteli moja ya huku pwani ilipokuwa ikikarabatiwa na kuuza vyombo vya ukumbi wake wa mikutano, nilikwenda nikarudi na skrini mbili za plazma, inchi 42 kila moja.

Zilikuwa skrini za kazi, si televisheni za nyumbani, na mimi tofauti hiyo niliijua nilipofika dukani. Spika hazina. Pa kuchomeka antena hakuna. Hata mguu wa kusimamia haukuja nazo. Kijana wa ndugu yangu alizizunguka mara mbili, akaniambia, "Ami, umeuziwa televisheni isiyo na masikio."

Uzuri wake uko mgongoni. Kuna nafasi za kuingiza vibao vya soketi, unachomoa na kubadilisha kufuatana na waya ulio nao: cha VGA kwa kompyuta, cha HDMI ukikipata, na kile cha BNC chenye vichwa vya kuzungusha, ambavyo mtu akijikwaa kwenye waya havichomoki katikati ya hotuba. Kuna pia soketi ya RS-232. Kijana aliiunganisha na kompyuta kuukuu, skrini ikawa inajiwasha saa tatu asubuhi na kujizima tukifunga, rimoti haishikwi na mtu. Televisheni yangu ya nyumbani haijui mambo hayo.

Rangi sasa. Wauza leso wenzangu mtanielewa nikisema leso ya kisutu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kwenye skrini nyingi za LCD nilizowahi kuona, ule weusi hutoka kijivu kama leso iliyofuliwa mara mia, kwa sababu nyuma ya kioo kuna taa inayowaka wakati wote. Plazma haina taa ya nyuma. Kila nukta ni kijumba kidogo chenye gesi ya neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi inatoa miale ya urujuanimno, na miale hiyo inaupiga unga mwekundu, wa kijani au wa bluu ukang'aa. Nukta isiyotakiwa kung'aa inabaki karibu giza. Weusi wa kisutu ukatoka weusi, na mtu anayekuja kutoka pembeni anaziona rangi zile zile anazoziona aliyesimama mbele. Kwa mtaa ambao watu wanapita ubavuni mwa duka, hilo ni jambo kubwa.

Lakini mlango wangu unatazama jua la asubuhi, na kioo cha plazma ni kioo kweli. Mpaka saa nne kina mama walikuwa wakijiangalia na kujitengeneza mitandio, leso hawazioni.

Kisha likaja lile la Ramadhani. Mwaka wa pili niliandika chini ya picha, kwa herufi nyeupe nene: PUNGUZO 20%. Picha za leso zinabadilika, maandishi yamekaa pale pale, kutwa, mwezi mzima. Kwenye menyu dawa zipo: kuisogeza picha pikseli chache kila baada ya muda, kugeuza rangi, na mstari mweupe wa kupita kioo kizima usiku. Ile ya kusogeza nilikuwa nimeizima mwenyewe, niliona kama picha inacheza. Idi ikapita, maandishi nikayatoa, punguzo likabaki. Nukta zile zilikuwa zimefanya kazi kuliko wenzake, unga wake umechakaa, basi juu ya kila leso ya rangi nyepesi unalisoma kama kivuli. Bibi mmoja akasimama mlangoni, akaninyoshea kidole: "Mwanangu, si mumeandika wenyewe?" Nikampa punguzo lake. Mstari mweupe niliuacha upite usiku kadhaa, kivuli kikafifia, hakikutoka.

Kwa hiyo ikiwa unataka bango, yaani nembo yako na bei zikae mahali pamoja tangu asubuhi mpaka jioni, plazma si chombo chako. Dukani sasa nina skrini ya LED, rangi zake sizipendi sana, lakini haikumbuki kitu.

Plazma zote mbili ninazikodisha kwa harusi, vyama na semina. Kwenye ukumbi wenye mapazia, video ya harusi ikipita pale, wallahi, watu wanaacha biriani. Kwa wenye mafunzo nina neno. Skrini hizi huupunguza mwanga zenyewe pale picha nzima inapokuwa nyeupe, ili zisile umeme kupita kiasi. Ukurasa mweupe wenye maandishi meusi unatoka umefifia, na tokeni za umeme zinakwenda vilevile. Weka mandhari meusi na herufi za manjano au nyeupe, uone. Jedwali la hesabu lenye herufi ndogo usilete. Kioo ni kipana lakini pikseli ni 1024 kwa 768, zimevutwa upana, na laptopu za siku hizi hazipatani na vipimo hivyo, herufi zinatoka na ukungu. Ajabu ni kwamba plazma ilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa ajili ya kompyuta za kufundishia.

Uzito ni kama kilo 30, na unaibeba ikiwa imesimama. Hamali akitaka kuilaza kwenye mkokoteni mkatalie, kioo kinaweza kupasuka kwa uzito wake chenyewe. Sehemu za juu kupita mita 2,000 nasikia huvuma kwa sababu ya hewa nyepesi. Hapa usawa wa bahari yangu iko kimya, ila chumvi imeshakula skrubu za nyuma.

Mpya hutapata. Pioneer walijitoa mapema, Panasonic wakaacha kutengeneza mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Vipuri vinatoka kwa zilizokufa. Ukikutana na ya mtumba yenye bei nzuri, usikubali kuonyeshwa mpira au filamu. Mwambie muuzaji akuwekee rangi nyeupe tupu, kioo kizima, usogee karibu usome kilichoandikwa humo kabla hujatoa pesa. Yangu bado inasoma asilimia 20.