Zimamoto ya San Francisco: maji kwanza, magari baadaye

Anayetaka kuipima zimamoto ya mji wa pwani asianze na magari. Gari la kawaida la San Francisco hubeba galoni 500, yaani kama lita 1,900. Mpira mmoja wa maji wa kushika mkononi, unaotoa galoni 150 kwa dakika, hulimaliza tangi hilo kwa dakika tatu na ushei. Baada ya hapo gari ni pampu tu inayonguruma, na kazi ya kuzima moto inabaki kwa maji yaliyo chini ya barabara. Kwa kipimo hicho tunaipa idara hii alama za juu sana upande wa mashariki wa mji, na tunaikata alama upande wa magharibi. Sababu tutazifikia.

Mji huu ulijengwa kwa pupa ya dhahabu: nyumba za mbao, mahema ya turubai, taa za mafuta, na upepo wa bahari usiopumzika. Kati ya Desemba 1849 na Juni 1851 uliteketea vibaya mara sita. Kikosi cha kwanza cha watu wa kujitolea kiliundwa palepale, majivu ya moto wa mkesha wa Krismasi 1849 yakiwa bado moto. Ndiyo maana bendera ya mji ina ndege anayeruka kutoka kwenye ndimi za moto. Vikosi vya kujitolea vilikuwa na ushindani mkali wao kwa wao, na ushindani hauzimi nyumba, kwa hiyo tarehe 3 Desemba 1866 kazi ikakabidhiwa idara yenye watu wa mshahara.

Huduma ya leo imechorwa na siku tatu za Aprili 1906. Tetemeko lilipiga saa 11:12 alfajiri ya tarehe 18. Mkuu wa zimamoto, Dennis Sullivan, aliumizwa vibaya pale bomba la moshi la hoteli jirani lilipoangukia kituo alimolala. Alifariki siku nne baadaye bila kuongoza hata saa moja ya mapambano. Mabomba makuu yalipasuka mahali kama 300, na mirija ya kuingizia maji majumbani ilikatika kwa maelfu. Hapa watu wengi hukosea wakisimulia. Mabwawa ya ndani ya mji hayakuwa makavu. Maji yalikuwepo, ila mtandao wa kuyafikisha kwenye haidranti, zile bomba za barabarani za kufungia mipira ya zimamoto, ulikuwa umevunjika, hasa kwenye ardhi ya kujaza kifusi ambako udongo ulilegea na kuzama. Kisha likaja kosa la baruti. Nyumba zililipuliwa ili kutengeneza pengo, na milipuko mingi ikawasha moto mwingine. Moto mmojawapo mbaya kuliko yote ulianzia jikoni, kwa mtu aliyepika kifungua kinywa juu ya jiko ambalo bomba lake la moshi lilikuwa limeharibiwa na tetemeko. Majengo zaidi ya 28,000 yaliteketea.

Mitaa iliyopona ilipona kwa vyanzo visivyotegemea bomba kuu. Ufukweni, boti zilivuta maji ya ghuba na kuyasukuma nchi kavu. Kwenye kona ya Mtaa wa 20 na Church, haidranti moja ilibaki na maji na ikasaidia kuuokoa mtaa wa Mission. Haidranti hiyo hupakwa rangi ya dhahabu kila tarehe 18 Aprili.

Wapiga kura waliidhinisha fedha mwaka 1908, na mwaka 1913 mfumo wa pili wa maji ulikuwa tayari. Ni wa zimamoto peke yake na haukuchanganywa na maji ya kunywa. Ndiyo sehemu ya huduma hii inayostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu umepangwa kwa hatua: ya kwanza ikishindwa, ipo ya pili, na ya tatu.

Hatua ya kwanza haihitaji injini yoyote. Juu ya vilima vya Twin Peaks, mita kama 230 kutoka usawa wa bahari, kuna hifadhi ya galoni milioni 10.5, karibu lita milioni 40. Chini yake liko tangi la Ashbury lenye galoni 500,000, na chini zaidi tangi la Jones Street lenye galoni 750,000. Kila mita kumi za kimo huzaa takriban bar moja ya presha, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Tangi la Jones, likiwa mita kama 112 juu, hutoa bar 11 kule ufukweni. Ashbury hutoa karibu 15. Vali za Twin Peaks zikifunguliwa, presha hupanda hadi bar 22 na zaidi. Umeme ukikatika mji mzima, maji hayana habari.

Rangi za kofia za haidranti humwambia mwenye mpira anashika nini. Kofia ya bluu ni maji ya Jones, nyekundu ni ya Ashbury, nyeusi ni ya Twin Peaks moja kwa moja. Haidranti hizi ni nene na nzito kuliko zile nyeupe za maji ya kawaida. Ukifunga mpira moja kwa moja kwenye presha hiyo unaweza kuupasua, au kumrusha aliyeushika. Kwa hiyo kati ya haidranti na mpira huwekwa vali ya Gleeson, kifaa cha kupunguza presha kilichobuniwa ndani ya idara yenyewe. Faida yake huonekana haraka: haidranti moja yenye vali hiyo hufanya kazi ya gari la pampu, na gari linabaki huru kwa kazi nyingine.

Hatua ya pili ni bahari. Kuna vituo viwili vya pampu, kimoja chini ya makao makuu ya idara Mtaa wa Second, kingine Fort Mason. Kila kimoja kinaweza kuingiza galoni 10,000 za maji ya ghuba kwa dakika kwa presha ya paundi 300 kwa inchi ya mraba, karibu bar 20. Boti za zimamoto nazo zina viungio gatini vya kusukumia maji ndani ya mtandao huohuo. Maji ya chumvi hutumiwa pale tu maji ya matangi yakishindwa, kwa kuwa hula chuma. Yakishaingia, lazima mabomba yasafishwe kwa maji yasiyo na chumvi baadaye.

Hatua ya tatu ni mabirika ya chini ya ardhi, zaidi ya 170, mengi yakiwa na galoni 75,000, kama lita 284,000. Utayatambua kwa duara kubwa la matofali katikati ya njia panda. Hayajaungwa na bomba lolote, na hiyo ndiyo nguvu yake: bomba likipasuka mtaa wa pili, birika halivuji tone. Lakini yana masharti. Gari lazima liegeshwe karibu kabisa, mpira mgumu wa kufyonzea ushushwe, hewa itolewe, ndipo maji yapande. Fizikia hairuhusu kufyonza zaidi ya mita kumi hata kwa pampu kamilifu. Kazini, mita saba ni nyingi. Kiungio kimoja kikilegea na kuingiza hewa, pampu inazunguka bure na kikosi kinaanza upya. Kosa hili ni la kawaida popote duniani wanapofyonza kutoka kisimani au baharini, na mazoezi ya mara kwa mara ndiyo dawa yake.

Mtihani wa kweli ulikuja tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11:04 jioni, na mfumo haukufaulu wote. Mabomba ya presha kubwa yalipasuka kusini mwa barabara ya Market, tena kwenye udongo wa kujaza. Vali hazikufungwa kwa wakati, na tangi la Jones likamwaga maji yake yote kupitia mipasuko hiyo. Kule Marina, mtaa mwingine wa ardhi ya kujaza, jengo liliwaka huku haidranti za bluu zikiwa kavu na zile nyeupe zimekatika mabomba. Ukanda mzima wa chini ulikauka kwa sababu ya mipasuko iliyokuwa mbali nao.

Waliookoa jahazi ni boti kuukuu Phoenix ya mwaka 1954 na mfumo wa mipira ya kubebeka uliobuniwa miaka michache kabla na Frank Blackburn wa idara hiyo. Malori yalibeba mipira ya inchi 5, kila moja futi 5,000 hivi, karibu kilomita moja na nusu, pamoja na haidranti za kubebeka na vali za Gleeson. Boti ilisimama pembeni mwa Marina ikasukuma maji ya bahari hadi barabarani kwa saa nyingi, na moto ukadhibitiwa jioni ileile. Tusiitie sifa zaidi ya haki yake: jioni hiyo hapakuwa na upepo wa maana. Kwa upepo wa kawaida wa San Francisco, simulizi ingekuwa nyingine.

Masahihisho yaliyofuata ni ya maana. Vali za kutenga maeneo dhaifu ziliwekewa mitambo ya kufunga kutoka mbali, mabirika yakaongezwa, na wapiga kura wakapitisha mikopo ya mji mwaka 2010, 2014 na 2020 iliyogusa mfumo huu. Mwaka 2010 uendeshaji wake ulihamishiwa mamlaka ya maji ya mji. Hapo tuna mashaka kidogo. Mwenye bomba na mwenye mpira sasa ni ofisi mbili, na usiku wa tetemeko mawasiliano kati yao lazima yawe yamefanyiwa mazoezi, siyo kuandikwa tu.

Boti siku hizi ni tatu. Guardian ilinunuliwa baada ya 1989 kwa fedha za mfadhili asiyetajwa jina, nayo husukuma hadi galoni 24,000 kwa dakika. St. Francis ya mwaka 2016 husukuma 18,000. Mei 2020, bohari la Gati 45 lilipowaka, St. Francis iliikinga kwa maji meli ya kihistoria Jeremiah O'Brien iliyokuwa imefungwa ubavuni mwa moto. Kituo chao, namba 35, tangu 2022 kimejengwa juu ya jukwaa linaloelea nyuma ya jengo la zamani la 1915. Linapanda maji yakijaa na kushuka yakipwa, kwa hiyo wahudumu hawapambani na ngazi ndefu wakati wa bamvua. Kwa mji wowote wa pwani wenye maji yanayopanda na kushuka sana, hili ni wazo la kuiga kabla ya kununua gari jipya.

Ngazi zao ni za mbao, na mgeni huona kama ushamba. Si ushamba. Juu ya barabara za mji kuna nyaya nyingi za umeme za mabasi na tramu, na mbao kavu haipitishi umeme kama alumini. Ni nzito, kwa hiyo hazipeperushwi ovyo na upepo. Zikizidiwa hulia na kupasuka kidogo kabla ya kuvunjika, na zikiungua huonyesha weusi, wakati alumini iliyopata joto kali hupoteza nguvu na kwa macho unaiona salama. Hutengenezwa katika karakana ya idara yenyewe, kwa mbao zilizokaushwa miaka mingi, na kipandio kilichoharibika hubadilishwa bila kuitupa ngazi nzima. Hasara ni mgongo: ngazi ya futi 50 ina uzito wa karibu kilo 160 na inataka watu sita. Kikosi kikipunguziwa watu, ngazi hiyo inabaki kwenye gari.

Kuhusu watu, mpango ni wanne kwenye gari la pampu na watano kwenye gari la ngazi, idadi ambayo miji mingi ingeitamani. Tangu 1997 wahudumu wa ambulansi wako chini ya idara hiihii, na simu nyingi wanazopokea ni za wagonjwa kuliko za moto. Ukipiga 911 kwa sababu ya kifua kubana, usishangae gari kubwa jekundu likatangulia mlangoni.

Tunaikata alama idara kwa ajili ya Sunset na Richmond, mitaa ya upande wa magharibi. Mitaa hiyo imejaa nyumba za mbao zilizobanana, ukuta kwa ukuta, na inatazama Pasifiki, lakini mabomba ya presha kubwa hayajaifikia sehemu yake kubwa. Vituo vyote viwili vya pampu viko upande wa ghuba. Mwaka 2019 jopo la raia linalokagua serikali ya mji lilisema wazi kwamba mtandao upanuliwe haraka. Ubishi uliobaki ni wa chanzo: maji ya kunywa yaliyohifadhiwa, ambayo ni safi kwa mabomba lakini yana mwisho, au bahari, ambayo haiishi lakini inataka pampu mpya na chuma kinachostahimili chumvi. Sisi tungechukua yote mawili, bahari ikiwa ya akiba.

Kwa anayeishi huko sasa, idara hutoa bure mafunzo ya majirani, NERT, yaliyozaliwa na tetemeko la 1989. Hufundisha kuzima moto mdogo, kuokoa na kupanga majeruhi kwa ukali wa majeraha yao. Somo la gesi peke yake linatosha kukupeleka: ukisikia harufu au mvumo, geuza vali ya mita robo mzunguko hadi ikae kukingama na bomba, na usiifungue tena mwenyewe, subiri fundi wa kampuni. Weka spana karibu na mita, siyo ndani ya nyumba. Halafu tembea mitaa mitatu kila upande na utazame haidranti. Zikiwa nyeupe tupu, bila kofia ya rangi na bila duara la matofali njia panda, hesabu kwamba dakika za kwanza ni zenu na majirani.