Uzoefu wangu na kebo ya DAC kati ya seva mbili

Seva zangu mbili zimekaa kwenye raki moja, na kila usiku ile ya juu humwaga nakala za data, kama terabaiti 2, kwenye ile ya chini. Kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde kazi hiyo ilimeza saa tano, tena siku ikiwa njema. Siku moja spidi ikashuka ghafla hadi megabiti 100. Nikalaumu kadi za mtandao, nikalaumu draiva, kumbe ni waya unaoziunganisha. Nilipoukata, nyuzi zilikuwa nyeupe ndani: alumini iliyopakwa shaba, na uzi mmoja umekatika. Gigabiti inataka jozi zote nne za nyuzi; ikikosekana moja tu, unaweza kurudishwa 100. Na muuzaji aliniapia kwamba ni Cat6 halisi, yaani kebo ya mtandao ya shaba tupu!

Mwenzangu akasisitiza ninunue krosova, kebo iliyopishanisha nyuzi za kutuma na za kupokea, kwa kuwa hakuna swichi ya mtandao katikati. Ushauri wa zamani huo. Kadi za gigabiti zinajigeuza zenyewe, kebo ya kawaida inatosha.

Nikaona bora nipande hadi gigabiti 10. Cat6a, kaka yake Cat6, ingefaa, inafika hata mita 100, lakini kadi zake zinakula umeme zaidi na zinachemka. Faiba nayo, kwa umbali wa hatua mbili, ni kununua moduli mbili za leza bure. Nikachukua kadi za SFP+, zenye tundu la kuchomeka moduli au kebo, na DAC, yaani kebo ya shaba ambayo vichwa vyake vimeshaungwa kiwandani.

Ya kwanza ilikuwa ya nusu mita. Ilifika pande zote mbili, ila imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Siku niliyoivuta seva kwenye reli zake niongeze RAM, kebo ikagoma. Ningeendelea kuvuta ningeng'oa poti. Hapo ndipo nilipopima upya, seva ikiwa imevutwa hadi mwisho. Nikaagiza ya mita 2.

Nayo ikaja na lake. Kadi ya upande mmoja iliikataa kabisa, taa haikuwaka, na logi (kumbukumbu za mfumo) ikaandika kwamba moduli haitambuliki. Kila kichwa cha DAC kina kichipu kinachojitambulisha kwa kadi, na kadi zangu ni za kampuni mbili tofauti. Nikabadilishiwa, nikapewa yenye kichwa cha kila kampuni upande wake. Laiti ningeuliza mapema.

Sasa nimeridhika. Nimezipa anwani 10.10.10.1 na 10.10.10.2, bila geti wei (njia ya kutokea nje ya mtandao huo), na iperf3, programu ya kupima kasi, inaonyesha gigabiti 9.4; nilipoweka MTU, yaani ukubwa wa pakiti, 9000 pande zote mbili ikagusa 9.9. Nakala zinakwisha kwa saa moja na robo hivi, na anayechelewesha sasa ni diski. Kero iliyobaki ni kwamba kebo ni nene, haipindiki kirahisi, na usipovuta kile kiulimi chake haichomoki hata ukilia.

Ile ya nusu mita ipo kwenye droo. Anayeitaka, seva zake zisiwe za kuvutwa.