Pikipiki ya safari iliyotumika: ipi ununue ukiwa Dodoma

Kwa mpenda safari za pikipiki, Dodoma pamekaa vizuri. Ukielekea kusini unapita Mtera, unapanda Nyang'oro hadi Iringa, kama kilomita 260 hivi. Kaskazini kuna Kondoa, michoro ya Kolo, milima ya Bereko, kisha Babati. Magharibi ni Bahi, Manyoni na Singida. Mashariki ni Gairo, Dumila, Morogoro. Kote huko ni lami siku hizi. Ndiyo maana mtu akishachoka na cc 150 inayolialia kila lori likitaka kumpita, anaanza kutafuta kitu kikubwa. Kikiwa kipya bei yake ni ya gari, kwa hiyo anaangukia kilichotumika, na huko madalali wameshaketi wanamsubiri.

Nimezipanga hizi kwa swali moja: ikikugomea Kondoa Ijumaa jioni, unarudije nyumbani? Jina, ukubwa wa injini na jinsi inavyotoka kwenye picha nimeviweka pembeni. Fundi wa bodaboda yuko kila kijiji na mkono wake mwepesi, lakini spea alizonazo ni za Boxer na TVS. Spea ya pikipiki kubwa mara nyingi huikuti hata Kariakoo, inaagizwa nje. Basi chagua ile ambayo haiombi spea mara kwa mara, na ikiomba, iwe kitu unachoweza kukibeba kwenye begi.

1. Suzuki V-Strom 650

Ilianza kuuzwa mwaka 2004. Injini ina silinda mbili zilizokaa umbo la V, cc 645, inapozwa kwa maji, na mafuta yanaingia kwa injekta. Matoleo ya mwanzo, hadi 2011, yana tenki la lita 22. Ukienda kwa adabu inakupa karibu kilomita 20 kwa lita, maana yake tenki moja linazidi kilomita 400. Unatoka Dodoma, unafika Babati, unakunywa chai, unageuza na kurudi hadi Kondoa bila kugusa sheli. Sio jambo dogo hilo, maana petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara hujui imekaa na nini, na injekta haina uvumilivu wa uchafu kama kabureta.

Siti yake iko sentimita 82 kutoka chini. Pikipiki nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa watu warefu, na ukisimama kwenye mchanga huku kidole gumba tu ndicho kinagusa ardhi, ukiwa na mke nyuma na mabegi pembeni, mtaanguka. Sisemi labda. V-Strom inamfaa mtu wa kimo cha kawaida.

Halafu kuna habari ya miiba. Huku kwetu migunga haina huruma. V-Strom ina rimu za aloi na tairi za tubeless, kwa hiyo mwiba ukiingia unauchomoa, unaziba kwa kamba ya mpira ukiwa umechuchumaa pale pale, unajaza upepo kwa pampu ndogo na safari inaendelea. Hakuna kufungua gurudumu. Wapo wanaopenda tyubu kwa sababu fundi wa kiraka yuko kila mahali, na wana hoja, lakini tyubu ya inchi 21 ya tairi la mbele ikichanika kabisa hutaipata dukani Kolo.

Ubaya wake? Koili ya kuchajia betri kwenye baadhi ya hizi huungua, tutaona namna ya kuipima. Chujio la oili na mabomba ya ekzosi yako mbele chini, mahali ambapo kila jiwe linafika, kwa hiyo isiyo na bamba la kukinga tumbo, lifunge kabla ya kwenda popote. Shokapu zake ni laini. Kwenye lami ni raha, ila ukichepuka kwenda Haubi au Kibakwe punguza mwendo, hii haikuumbiwa kuruka mashimo.

2. Honda Transalp

Kuna XL650V ya 2000 hadi 2007 na XL700V iliyofuata kuanzia 2008. Ya kwanza ina kabureta, ya pili injekta. Kama ningepewa mbili zenye hali moja ningechukua 650, kwa sababu injini yake ni tulivu mno na kabureta kila fundi ameshaifungua maishani mwake. Tahadhari tu kwamba ziko mbili, na lazima zivute sawasawa. Anayezisafisha bila kuzilinganisha anakurudishia pikipiki inayotetemeka ikiwa imesimama.

Kinachoishusha hadi namba mbili ni umri. 650 ya mwisho kabisa inakaribia miaka ishirini, na mpira, sili na waya haviheshimu jina la Honda. Ugonjwa wake unaojulikana ni rektifaya, kile kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri, ambayo hupata joto na kufa, na ikifa ama betri haichaji ama inachemshwa. Uzuri ni kwamba ni kidude kidogo, skurubu mbili na plagi. Nunua ya akiba, ifunge kwenye soksi, iweke chini ya siti.

3. Yamaha XT660Z Ténéré

Hii ndiyo ya wanaochukia lami. Silinda moja, cc 660, injekta, tenki la lita 23 hivi, gurudumu la mbele inchi 21 lenye spoku. Ilitengenezwa kati ya 2008 na 2016. Kwa njia za vumbi za Mpwapwa na Kondoa ndani ndani hakuna hapa inayoifikia. Lakini siti iko karibu sentimita 90, na tenki likijaa uzito wote uko juu. Kama una chini ya mita 1.75, ipande kwanza na uisukume kinyumenyume kwenye kokoto kabla hujatoa hata shilingi. Angalia pia beringi za kiungo cha shokapu la nyuma. Wengi hawazipaki grisi kabisa, na kwa vumbi letu zinasagika kimya kimya.

4. Kawasaki KLR650 na Suzuki DR650

Nimeziweka pamoja kwa sababu hoja ni ile ile: teknolojia ya zamani, kabureta moja (kwa KLR ni zile za hadi 2018), hakuna kompyuta ya kukusumbua. DR inapozwa kwa hewa na oili, haina hata rejeta ya kutobolewa. Tenki lake la lita 13 ni dogo kwa safari ndefu, ingawa wengi waliotangulia walishalibadilisha. KLR ina lita 23, ila ndani ya injini kuna kijimkono kinachokaza mnyororo wa kupunguza mtetemo, na kile cha kiwandani kimejulikana kuvunjika. Muulize muuzaji kama kilibadilishwa. Akikutolea macho, jibu umelipata. Zote mbili zinachosha kwenye lami ndefu, na upepo wa Singida utakukumbusha kwamba DR haina kioo cha mbele.

5. BMW R1200GS

Najua ndiyo uliyokuja kuisoma. Ni pikipiki nzuri kupita zote hapa kuiendesha, haina cheni bali shafti, na ukiwa na abiria na mizigo unasahau kama wapo. Tatizo ni swali la Kondoa Ijumaa jioni. Zile za 2004 hadi 2012 zinajulikana kwa geji ya mafuta kufa, kwa pete ya antena inayosoma ufunguo kugoma hadi injini haiwaki, na kwa beringi ya gia ya nyuma kuisha. Hiyo ya mwisho unaweza kuipima mwenyewe: iweke kwenye stendi ya katikati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, litikise. Likicheza, au ukiona oili imechirizika kwenye rimu, achana nayo. Kompyuta ya kusomea makosa yake si kila gereji inayo, na kila kitu kina bei ya BMW hata kama pikipiki yenyewe umeipata kwa bei ya kutupa. Na nguvu zote hizo utazitumia wapi, wakati kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi chini ya mti?

Honda Africa Twin ya zamani, XRV750, ilikoma kutengenezwa 2003. Ukiikuta nzima, mwenyewe haiuzi. Ile mpya ya CRF1000L, kuanzia 2016, bado ni ghali hata ikiwa imetumika. Zile za barabarani tupu kama Pan European au Gold Wing, usizifikirie kwa huku.

Na kwa asiyebeba abiria, asiye na haraka: Honda XR250 iliyotoka Japani ni nyepesi, haili mafuta, na mtu mmoja anaiinua ikianguka. Watu wengi wanaotafuta GS wangekuwa na furaha zaidi na hii, lakini hawapendi kuambiwa.

Karatasi kwanza

Soko la hizi mashine linalishwa na watu wa aina tatu: waagizaji, wageni wanaomaliza mikataba ya kazi, na wasafiri waliovuka nusu ya Afrika wakachoka. Hao wa mwisho ndio wenye bei tamu na ndio wenye mtego. Pikipiki yenye namba za nje imeingia nchini kwa kibali cha muda au kwa "carnet", ile hati ya dhamana ya kuvukia mipaka, na maana yake ushuru haujalipwa. Ukinunua umenunua na deni. Dalali atakwambia "bosi, hilo linamalizika tu." Basi limalizike kwanza, kisha ndiyo mzungumze bei.

Iliyosajiliwa hapa, soma namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu kwa macho yako, tarakimu moja moja, ukilinganisha na kadi. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Namba iliyokwaruzwa, au yenye rangi mpya eneo hilo tu, ondoka bila kuaga. Angalia kama ina faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba wa mauziano uwe na mashahidi, na salio la mwisho litoke mkiwa mmeshakwenda TRA kuhamisha umiliki, sio baada ya wiki mbili za "nipo safarini kaka".

Leseni nayo itazame. Zaidi ya cc 125 unahitaji daraja A, A1 haitoshi.

Siku ya kuikagua

Nenda mchana wa jua kali, na mwambie muuzaji asiiwashe. Ukifika gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto atasema, "Nimeiwasha kidogo tu bosi, nione kama betri iko sawa." Mjibu kwa heshima, "Haina neno kaka, tutasubiri ipoe," kisha kaa. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli: inachukua muda gani kuwaka, inagonga wapi, moshi wa rangi gani. Wa bluu usioisha ni oili inaungua.

Wakati mnasubiri, omba kufungua boksi la hewa. Kwenye V-Strom itabidi mwinue tenki, na muuzaji atalalamika, vumilia. Usiangalie chujio tu, maana chujio jipya linanunuliwa asubuhi hiyo hiyo. Pitisha kidole upande wa pili, ule wa kuelekea injini. Ukitoka msafi, vizuri. Ukitoka na unga mwekundu, basi vumbi la Dodoma limeshapita kwenye ringi na kuta za silinda, na hakuna kilomita chache kwenye dashibodi zitakazofuta hilo. Kwangu mimi kipimo hiki kinazidi vingine vyote.

Chukua mita ya umeme. Betri ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo koili au rektifaya ina walakini, juu yake rektifaya inaua betri. Iache iungurume imesimama hadi feni ya rejeta iwake yenyewe. Isipowaka huku mshale wa joto unapanda, izime. Inua gurudumu la mbele, zungusha hendo taratibu: ukisikia kama inanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zenye zaidi ya miaka sita hesabu kama hazipo hata kama kashata zake bado ndefu, na upunguze bei.

Ukishainunua, usiondoke nayo kwenda mbali wiki hiyo. Badilisha oili, chujio zote, maji ya rejeta, mafuta ya breki na plagi, hata kama umeapiwa kwamba vilibadilishwa jana. Tenga walau robo ya bei kwa kazi hiyo, tairi na cheni. Oili iwe na alama ya JASO MA, kiwango cha oili za pikipiki, kwa sababu baadhi ya oili za magari zinafanya klachi iteleze. Cheni usikubali ushauri wa kuunga: ya bodaboda ni saizi 428, ya V-Strom na Transalp ni 525, ya Ténéré 520, na haziingiliani na sproketi hata ukizibembeleza.