Miezi minane na kipimajoto cha kwapani

Nilikinunua duka la dawa hapa Mbagala kwa shilingi 7,000, baada ya usiku mmoja mgumu. Mimi nilitoka kufua kwa maji baridi, nikamgusa mwanangu paji nikaona anachemka. Mama mkwe akamgusa, akasema mtoto hana kitu. Tukakesha hivyohivyo.

Ni cha kidijitali, saizi ya kalamu, ncha ya chuma. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hatulii, kwa hiyo nampakata, namfuta jasho kwa kanga, naweka ncha katikati ya kwapa iguse ngozi, kisha naubana mkono wake ubavuni mpaka kilie. Usikiharakishe. Siku moja kilichomoka kidogo kikasoma 36.9, nilipokirudisha vizuri kikasoma 38.2! Akitoka kuoga au kufunguliwa nguo nzito, nasubiri kama robo saa kwanza.

Nesi wa kliniki alinieleza kwamba kwapani, nyuzi 37.5 kwenda juu ni homa. Mwezi wa 4, katikati ya masika, kilisoma 38.7 saa nane usiku. Nikampa parasetamo ya maji kulingana na uzito wake, nikaandika saa na namba kwenye karatasi. Tulipofika zahanati asubuhi mwili ulishapoa, 37.1, lakini ile karatasi ilionyesha homa ilivyokuwa. Akatobolewa kidole, malaria ikaonekana, akaanza dozi siku ileile.

Ila hakikuambii mtoto anaumwa nini. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, mimi siangalii namba, naondoka naye. Mdogo wangu ana kichanga cha wiki tatu, nimemsisitiza: kikifika 37.5, au mwili ukipoa chini ya 35.5, ni hospitali moja kwa moja, asianze kutafuta dawa nyumbani.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Kioo hakina taa, umeme ukikatika namulika kwa simu. Ya pili inanitia hofu zaidi: betri yake ni ile ndogo ya duara kama kifungo, na kifuniko chake kinafunguka kirahisi. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu. Nimekizungushia plasta, na nakiweka juu ya kabati.